Boila Lililojiwasha Lenyewe

Majira yale ya baridi yalinikuta bado nina mabega mawili mazima. Nilikuwa naishi Joubert Park, kama ninavyoishi sasa, kwenye ghorofa ambalo lifti yake haijasogea tangu nihamie, na kazi yangu ilikuwa mabomba na mifumo ya kupasha nyumba joto. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambao Kiswahili ndicho tunachotukanania na ndicho tunachoombea radhi, na wateja wangu wengi katika jiji hili huja kwa njia ya lugha. Mkenya humwambia Mtanzania, Mtanzania humwambia Mkongomani, mwishowe simu inalia mfukoni mwangu.

Siku hiyo ililia nikitoka kuswali Ijumaa huko Mayfair, nimeinama nafunga kamba za viatu. Alikuwa mwanamke, na alisema kwa sauti ya chini kama mtu aliyejifungia chooni.

"Fundi, unajua boila? Si giza. Boila."

Nilicheka. Hapa Johannesburg tangi la maji moto huitwa giza, na Mswahili mgeni hushtuka anapoambiwa kwamba giza limepasuka juu ya dari.

"Najua, dada. Lina shida gani?"

"Halisikii. Kile kidude cha ukutani kinaonyesha kinaliita, lakini lenyewe haliwaki. Mama yangu amekuja kutoka Kenya, na nyumba ni barafu tupu."

Nyumba ilikuwa Kensington, ya zamani, kuta za mawe, imekaa mgongoni mwa kilima. Aliyenifungulia geti alikuwa Mkenya wa makamo, amevaa nguo za ofisini kwa sababu anafanya kazi benki, na mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye plasta hadi kiwiko.

"Pole, dada. Ajali?"

"Nilianguka kwenye ngazi."

Nikaingia ndani. Nyumba ilikuwa ya chini, vyumba vyote usawa mmoja. Hata mlangoni hapakuwa na ngazi.

Mama yake alikuwa sebuleni kwenye kochi, amevaa koti, kofia ya sufu, glavu, na blanketi juu ya vyote hivyo. Nilipomwamkia, mvuke ulimtoka mdomoni akiitikia. Kando yake palikuwa na rejeta ya chuma, ile ya ukutani ambayo maji ya moto huzunguka ndani yake, na nilipoigusa ilikuwa baridi kama jiwe la kaburi.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuielewa. Kwenye korido palikuwa na kidhibiti joto, kile kisicho na waya, kinachotumia betri. Ukipandisha joto, kinatuma mawimbi kwenye kipokezi kilichofungwa kando ya boila, nje, kwenye chumba kidogo cha nyuma. Kipokezi kikisikia, taa yake inakuwa kijani na boila linawaka. Nilibadilisha betri. Hakuna. Nikaenda nyuma nikabonyeza kitufe cha mkono kwenye kipokezi, boila likaunguruma na kuwaka mara moja. Basi gesi ipo, waya zipo, boila ni zima. Kilichokatika ni mazungumzo kati ya vitu viwili. Nikavifuta vyote kumbukumbu, nikaviunganisha upya, taa ikawaka, na kabla sijakusanya vifaa rejeta ya sebuleni ilikuwa imeanza kulia tik-tik kwa kupata moto. Yule mama alivua glavu moja.

"Umeme unakatika sana," nilimwambia binti yake. "Ukirudi, hivi vitu vinasahauliana. Nadhani ni hilo tu."

Alikuwa anatazama kipande cha karatasi ya betri nilichokuwa nimekiangusha sakafuni, akainama akakiokota haraka kwa mkono wake mmoja, akakitia mfukoni.

Zikapita siku chache, akapiga tena. Boila halisikii.

Safari hii nilitoa kidhibiti ukutani nikatembea nacho hadi nje, nikasimama nacho mbele ya kipokezi, karibu vigusane. Nikapandisha joto hadi mwisho. Taa haikubadilika. Basi hata kuta za mawe hazikuwa na kosa. Nikachomoa betri nikazitia mfukoni mwa shati, nikabaki nimesimama pale nakuna kichwa, kidhibiti kikiwa mkononi mwangu, kimekufa, hakina hata namba kwenye kioo.

Taa ya kipokezi ikawa kijani. Boila likawaka.

Nakumbuka nilirudi nyuma hatua moja. Hakuna aliyekuwa ameliita. Nilikuwa bado naliangalia nikasikia geti la mbele likisukumwa na mota yake, na gari likiingia.

Yule mama mzee alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na blanketi lake. "Ndivyo hufanya," aliniambia. "Yeye akikaribia kufika linawaka lenyewe. Akitoka, linazima."

"Mama!" binti yake alimkatiza kutoka ndani. "Mama, nyamaza, tafadhali."

Mume alikuwa mtu mrefu, mwalimu wa chuo kikuu, mpole wa kusema. Alinisalimia kwa mikono miwili, akaniuliza Bujumbura kukoje siku hizi, akachemsha chai mwenyewe na kunimiminia. Mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, miguu pamoja, kama abiria anayengoja kituo chake.

"Haya, fundi, umepata ugonjwa ni nini?" aliniuliza.

"Mzee, naona kipokezi kinasikiliza kidhibiti kingine, si hiki cha ukutani. Pengine kipo kingine humu ndani, au kwenye simu ya mtu."

Alitabasamu. "Maliza chai yako."

Alinisindikiza hadi kwenye pikapu yangu, ameshika kiwiko changu kama tunavyowashika wazee wakivuka barabara. Tulipofika kwenye mlango wa gari alikibana, mahali pale penye mshipa, hadi vidole vyangu vikafunguka na funguo zikaanguka. Alikuwa bado anatabasamu. Aliinama, akaziokota, akanipa.

"Usirudi hapa," alisema. "Safari njema."

Sikukusudia kurudi. Mtu wa karatasi za ukimbizi hujifunza mapema milango ya kukaa nayo mbali. Lakini juma lililofuata yule dada alipiga mchana, na nyuma ya sauti yake nilimsikia mama yake akikohoa, kikohozi kile kisichomwachia mtu nafasi ya kuvuta pumzi.

"Amekwenda Pretoria kikazi, hadi kesho," alisema. "Amelizima. Mama hawezi kusimama, fundi."

"Dada, si ununue hita ya umeme kwa sasa?"

"Nilinunua. Aliileta bafuni nikiwa ndani ya maji, akaitupa kwenye beseni la kuogea. Haikuwa imechomekwa. Akaniambia siku nyingine itakuwa imechomekwa."

Nilikuwa nimeshika simu katikati ya duka la vifaa, watu wananipita na mabomba mabegani.

"Na ule mkono," nikasema.

"Ulikuwa ni kwa sababu ya betri. Nilibadilisha betri bila kumwomba." Kisha akasema kwa ukali ambao sikuwa nimewahi kuusikia kwake: "Nyumba hii ni yangu pia. Jina langu liko kwenye hati. Mimi ndiye nakuita. Utakuja au huji?"

Nikaenda.

Kazi ilikuwa ya muda mfupi. Nilibonyeza kitufe cha kipokezi na kukishikilia hadi taa ikapepesa, maana yake kimesahau kila kilichokuwa kikikiamrisha, kisha nikakiunganisha na kile cha korido peke yake. Kwa kuwa nyumba ya mawe huchelewa kupata joto, nililipandisha boila hadi juu kabisa. Rejeta zote zikaanza kulia. Tulimsogezea yule mama kiti karibu na ya sebuleni, akavua kofia, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba nywele zake ni nyeupe zote. Binti yake alipika chai ya maziwa. Tulikuwa tunacheka, sikumbuki kitu gani. Mfuko wangu wa vifaa ulikuwa wazi sakafuni, na spana yangu kubwa ya mabomba ilikuwa juu yake.

Geti likafunguka.

Kikombe kilimtoka yule dada mkononi kabla hata hatujasikia mlango. Mume aliingia na koti lake la safari, akasimama, akavuta hewa ya joto kwa pua.

"Niko njiani," alisema kwa upole uleule, "simu inaniambia nyumba yangu haipatikani. Nikajiuliza, nyumba inapoteaje?"

Alitembea moja kwa moja hadi kwa mkewe akampiga kofi. Halikuwa kofi la hasira. Alilipima. Alimshika kidevu kwanza, akauweka uso wake sawa, ndipo akapiga. Yule dada akaanguka juu ya meza na vikombe.

"Mzee!" nikainuka. "Mzee, mimi ndiye niliyegusa. Nipige mimi."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ndilo lililonijia. Naye alinitii. Aliinama akachukua spana kwenye mfuko wangu, na nilidhani ananitisha tu, kwa sababu ni chombo changu, nakijua uzito wake, na akili yangu haikukubali kwamba mtu angekitumia kwa mwili. Kilinipata hapa, kwenye mtulinga wa kushoto. Nilisikia mfupa ukivunjika, sauti kavu, na kwa muda sikuhisi maumivu yoyote, nilishangaa tu kwamba mkono wangu haunisikii. Kisha nikawa sakafuni, na yeye akawa anapiga teke mdomo wangu kwa kiatu cha ngozi.

"Mkimbizi," alisema. "Nitasema umevunja mlango. Nani atakuuliza?"

Aliitupa spana. Alimwinua mkewe kwa nywele.

"Mlitaka joto?" alimwuliza. "Si mngesema? Joto lipo. Njoo."

Alimburuta hadi kwenye rejeta, ileile ambayo mama yake alikuwa ameisogelea, na akaukandamiza mkono wa mkewe, ule usio na plasta, juu ya chuma. Kiganja chini, vidole vimenyooka, na uzito wake wote juu yake.

Nimesikia watu wakilia. Nimetoka nchi ambayo nilisikia mengi nikiwa mdogo. Ile sauti ya yule dada bado naisikia nikiwa nafungua bomba la watu ambao hata hawajui jina langu. Nililipandisha lile boila kwa mkono wangu. Nilitambaa, nikashika mguu wake, nikauma, ndiyo, niliuma shavu la mguu wake kwa meno niliyobaki nayo, naye akanipiga teke bila kumwachia mkewe.

Ndipo akatoa yowe la ajabu na kuachia.

Mama mzee alikuwa nyuma yake. Blanketi lilikuwa limemwangukia miguuni, na spana alikuwa ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayetwanga. Alikuwa amempiga kwenye kiwiko. Mume akageuka, akasema, "Mama..." kwa mshangao wa kweli, na yule mama akapiga tena, gotini. Mguu ule ulikwenda upande ambao mguu hauendi. Akaanguka kati yetu.

Mama akainua spana mara ya tatu. Safari hii alikuwa anakitazama kichwa.

"Mama, basi!" binti yake alilia. "Mama, utafungwa!"

Mimi nilikuwa nimelala, damu imejaa mdomoni, na nilitaka apige. Nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Mume alikuwa amefunika uso kwa mkono mmoja uliobaki mzima, na alikuwa analia kama mtoto, akisema tafadhali. Mama akabaki na spana hewani, anahema, anakohoa, kisha akaishusha taratibu.

"Inuka," aliniambia. "Wewe ndiye una gari."

Sasa angalia hali yetu. Yule dada hana mkono hata mmoja wa kushika usukani. Mama yake hajawahi kuendesha hata baiskeli. Mimi mkono wa kushoto unaning'inia, na gia ziko kushoto. Tulibanana watatu kwenye pikapu, mama akakaa katikati, nikawa nakanyaga klachi na kumwambia, "Mama, vuta nyuma... sasa sukuma mbele, upande wangu... hapo hapo." Alikuwa anaishika ile gia kwa mikono miwili, anaivuta kama ng'ombe mkaidi. Binti yake alikuwa ameuinua mkono ulioungua mbele ya uso wake na alikuwa anaupuliza, anaupuliza tu, bila kusema neno. Hatukusimama kwenye robot, kama zinavyoitwa hapa taa za barabarani, hata moja. Madereva walitupigia honi na kututukana kwa lugha zote za jiji hili.

Hospitalini walimchukua yule dada haraka, wakamwingiza ndani. Mimi walinilaza kwenye kitanda cha koridoni. Bado sijapewa hata dawa ya maumivu, polisi wawili walifika na kunifunga pingu kwenye chuma cha kitanda. Mume alikuwa amepiga simu kutoka sakafuni: mgeni amevunja nyumba, amemjeruhi kwa chuma, ameondoka na mkewe na mama mkwe wake kwa nguvu.

"Si mimi," niliwaambia kwa Kiingereza cha mdomo uliovimba. "Mwulizeni huyu mama."

Mama alikuwa amekaa kando yangu, kofia yake imebaki Kensington. Alianza kuwaeleza, lakini alijua Kiswahili na lugha ya kwao tu. Polisi mmoja akaniambia nitafsiri, kisha akacheka mwenyewe, kwa sababu mshtakiwa angejitafsiria nini. Akafunga kitabu chake.

Mlinzi wa mlangoni, Mkongomani aliyekuwa anatusikiliza muda wote, akasogea. "Mimi nasikia yeye anasema nini," aliwaambia. Akamgeukia mama. "Mama, ongea polepole, niwaambie."

"Waambie mimi ndiye nilimpiga," mama alisema. "Kiwiko, halafu goti."

Mlinzi akatafsiri. Polisi wakatazamana. Mmoja wao, kijana mnene, alitabasamu. "Gogo huyu?" alisema, neno la Kizulu la bibi. "Yeye mwenyewe bwana anasema ni huyu mgeni."

"Anaona aibu," mama akasema alipotafsiriwa. "Wewe pia ungeona aibu."

Akasimama. Palikuwa na gongo la mgonjwa limeegemezwa ukutani. Alilichukua, akalishika kwa mikono miwili vilevile, akamwambia mlinzi: "Mwambie huyu mnene ageuke anipe mgongo. Nimwonyeshe nilivyosimama." Yule polisi aliacha kutabasamu. Hakugeuka. Alikaa kwenye benchi, akafungua kitabu chake tena, na akaanza kuandika.

Hata hivyo pingu haikutoka siku ile. Ilitoka yule dada alipozinduka baada ya kufanyiwa upasuaji na kueleza yote mwenyewe, tangu betri, beseni, hadi rejeta. Walikwenda kumkamata mume kwenye wodi ya hospitali nyingine. Kesi ilivutwa sana. Wakili wake aliniuliza mahakamani karatasi zangu zinaisha lini, akaniuliza mara nyingi, kwa njia nyingi, kana kwamba hilo ndilo lililomchoma mtu mkono. Mwisho mume alifungwa, si kwa muda ambao mimi ningechagua.

Yule dada alibaki na vidole viwili visivyonyooka. Aliniambia kuandika kwa kompyuta amejifunza upya, na kwamba kinachomkera zaidi ni kufunga vifungo vya shati. Mama yake alikaa hadi hukumu, kisha akarudi Kenya. Uwanja wa ndege alinishika uso kwa viganja vyote viwili, akaukagua mdomo wangu uliokuwa na mapengo, akasema, "Ningempiga ile ya tatu." Binti yake akageuka upande. Mimi nilimjibu kwamba alifanya vyema kuacha. Mpaka leo sina hakika kama nilikuwa namwambia kweli.

Mtulinga wangu uliunga vibaya. Sibebi boila tena, nabeba simu na kuwaelekeza wengine. Wateja wanapouliza kwa nini bega moja liko chini, nasema nilianguka.

Mwaka jana nilikuwa naweka mafuta kwenye kituo kimoja, barabara kuu ya Kensington, asubuhi ya jua zuri. Nilisikia mtu akinisalimia kwa Kiswahili safi nyuma yangu. Alikuwa yeye. Amekonda, anatembea kwa fimbo, goti halikunjiki. Alikuwa ameshika mkate na gazeti.

"Fundi," alisema kwa sauti ileile ya upole. "U mzima? Bega linaendeleaje?"

Nilikuwa nimeshapanga kwa miaka nitakachomwambia nikikutana naye, na nitakachomfanyia. Nilikuwa na mkono mmoja wenye nguvu, naye alikuwa kilema mbele yangu, na hapakuwa na polisi.

"Salama, mzee," mdomo wangu ukamjibu.

Aliitikia kwa kichwa, akaenda zake taratibu kuelekea kwenye gari lake. Niliingia kwenye pikapu, nikafunga milango yote miwili, nikakaa. Mhudumu alikuja akagonga kioo, akaniashiria nisogee, kuna foleni nyuma. Nilimwona mdomo wake ukisema. Sikuweza kukumbuka gari linawashwaje.